Mashine ya kupimia baruti ikiyumba, anza na sifuri kabla ya kalibresheni

Unajaza maganda ya risasi mwenyewe, na skrini ya mashine inayopima baruti imeandika greni 42.0 (greni ni kipimo kidogo cha uzito). Unamimina baruti kwenye ganda, unaendelea na ganda linalofuata, na skrini inaandika 42.0 tena. Jumamosi unaenda kwenye uwanja wa shabaha, kronografu, kifaa cha kupimia kasi ya risasi, inakuonyesha kasi zilizotawanyika, na risasi mbili tatu zimetua juu ya kundi la matundu kwenye shabaha. Hapo wengi hufanya jambo lile lile: wanarudi nyumbani, wanachukua jiwe la gramu 50 lililokuja na mashine, wanaifanyia kalibresheni upya, yaani wanaipa mashine uzito unaojulikana ili ijirekebishe, kisha wanaendelea na kazi. Tatizo linabaki palepale, kwa sababu mara nyingi halikuwa la kalibresheni.

Ninayoyaeleza hapa yanatokana na mazoea ya Marekani, ambako sheria ya shirikisho inamruhusu mtu kujaza maganda ya risasi kwa matumizi yake mwenyewe bila leseni ya utengenezaji, ilimradi haziuzi. Kenya na Tanzania hali ni tofauti: kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, na msomaji wa huko ayachukue haya kama elimu ya mizani tu. Elimu yenyewe haibagui. Mnunuzi wa dhahabu kule Geita au Chunya mwenye kimizani cha betri anasumbuliwa na mambo haya haya ya upepo, joto na sifuri inayohama.

Utakachopima hapa hakimo kwenye maelezo haya. Kiasi cha baruti kinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa cha risasi, na unaanzia kiwango cha chini kilichoandikwa humo. Mimi nazungumzia namna ya kuhakikisha kwamba kile ulichokusudia ndicho kilichoingia kwenye ganda.

Kwanza jua ni nani mwenye kosa

Ndani ya mashine moja mna vifaa viwili. Kuna mizani, na kuna bomba linalozunguka likidondosha baruti. Mizani ikiwa mbovu, skrini inasema uongo. Bomba likiwa na kasoro, skrini inasema kweli, ila kweli yenyewe ni 42.3. Dawa za matatizo haya mawili hazifanani hata kidogo, na ukizichanganya utaharibu kilichokuwa kizima.

Njia ya kuyatenganisha ni kupima mara ya pili. Acha mashine itoe vipimo kumi, na kila kimoja kihamishie kwenye mizani nyingine unayoiamini. Mizani ya zamani ya mkono na uzani wa kusogeza inatosha kabisa, tena haihitaji umeme. Andika namba zote kwenye karatasi, za mashine upande mmoja na za mizani ya pili upande mwingine.

Ukiona mizani ya pili inatofautiana na skrini kwa kiasi kile kile kila mara, tuseme pungufu kwa 0.2 mfululizo, sifuri ya mojawapo imehama. Ukiona tofauti inapanda na kushuka bila mpangilio, mizani ya mashine inasumbuliwa na kitu: upepo, umeme, mtetemo au joto. Kama mizani mbili zinakubaliana lakini kipimo chenyewe ni 42.2 badala ya 42.0, iache mizani, tatizo liko kwenye bomba.

Kabla ya kulalamika, jua pia mashine iliahidi nini. Mashine nyingi za kawaida, kama RCBS ChargeMaster au Hornady Auto Charge, zimetengenezwa kwa usahihi wa greni 0.1 juu au chini. Greni moja ni miligramu 64.8, na ratili moja ina greni 7,000. Kwa hiyo ahadi ile inamaanisha kwamba vipimo vilivyoandikwa 42.0 vinaweza kuwa chochote kati ya 41.9 na 42.1, na mashine bado iko ndani ya ahadi yake. Tofauti ya greni 0.2 kati ya kipimo kidogo na kikubwa si ugonjwa. Ikifika 0.3 au 0.4, endelea kusoma.

Dalili: vipimo vya mwanzo na vya mwisho havilingani

Umeanza kazi saa mbili usiku, ganda la kwanza liko sawa kwenye mizani ya pili. Baada ya nusu saa kila kipimo kinakuja pungufu, na skrini haijabadilika: 42.0, 42.0, 42.0. Huu ndio ugonjwa wa kawaida kuliko yote, nao ni kuhama kwa sifuri.

Ili ulielewe, fikiria kilichomo ndani. Chini ya jukwaa la mizani mna kipande cha alumini kinachopinda kidogo sana kikibeba uzito. Juu yake kumebandikwa nyuzi nyembamba ambazo ukinzani wake wa umeme hubadilika zinaponyooshwa. Mashine inasoma badiliko hilo na kuligeuza kuwa greni. ChargeMaster 1500 ilipewa jina lake kutokana na uwezo wake wa kubeba greni 1,500. Greni 0.1 ndani ya 1,500 ni sehemu moja ya 15,000. Kipande cha chuma kinachopaswa kuhisi mpindo mdogo kiasi hicho kitahisi pia joto la chumba, joto la vifaa vyake vya umeme, na jua linaloingia dirishani.

Kuna kipimo cha bure cha kuligundua hili, na ningependa kila mtu akizoee. Weka kisahani kitupu cha kupokelea baruti juu ya mizani, bonyeza sifuri, kisha kinyanyue. Skrini itaonyesha namba hasi, ambayo ni uzito wa kisahani chenyewe. Tuseme ni -151.8. Iandike kwa kalamu kwenye kipande cha utepe na ukibandike mbele ya mashine. Kuanzia hapo, kila unaponyanyua kisahani kwenda kumimina, tupia jicho ile namba. Baada ya kumimina, kisahani kikiwa bado mkononi, skrini lazima iseme -151.8. Ikisema -151.6, sifuri imepanda kwa 0.2, na ile 42.0 uliyomimina sasa hivi ilikuwa 41.8. Jicho halikugharimu hata sekunde, na umepata ushahidi ambao skrini ya kipimo haiwezi kukupa.

Sababu ya kwanza ya kuhama ni mashine kutopata muda wa kupata moto. Iwashe nusu saa kabla ya kazi, na kama iko kwenye gereji ya baridi, ipe saa nzima. Wapo wanaoiacha imewashwa usiku kucha tangi lake la baruti likiwa tupu, na sioni ubaya wake. Sababu ya pili ni joto la chumba kubadilika: hita inawaka na kuzima, mlango wa gereji unafunguliwa. Sababu ya tatu ni uchafu. Punje moja ya baruti ikiingia chini ya jukwaa na kuligusa, mizani hairudi sifuri kamili baada ya kubeba uzito. Ling'oe jukwaa kwa upole, safisha kwa brashi laini kavu, na usipulizie hewa ya kopo, kwa sababu inazisukuma punje ndani zaidi, huko ambako kihisi kipo.

Kuna na jambo la kisahani chenyewe. Mashine nyingi hujirudisha sifuri zenyewe unaporejesha kisahani kitupu. Kama punje nne tano zimeganda ukingoni, mashine inazihesabu kuwa sehemu ya kisahani. Kipimo kinachofuata zinajiunga na wenzake kuingia kwenye ganda, na umezidisha bila skrini kujua. Gonga kisahani kwa kidole kila unapomimina.

Kwa nini kalibresheni haitakuponya

Hapa ndipo watu wanapoteza muda mwingi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jiwe la gramu 50 lina uzito wa greni 771.6. Kipimo chako cha bunduki ni, tuseme, greni 42, ambazo ni gramu 2.7 tu. Sasa chukua kosa kubwa la kalibresheni: mashine inalisoma lile jiwe kuwa 772.6, greni nzima zaidi. Kosa la namna hii hupungua kwa uwiano wa uzito. Kwenye greni 42 linabaki takriban greni 0.05, nusu ya hatua ndogo kabisa ambayo skrini inaweza kuonyesha. Yaani kalibresheni inaweza kuwa imeharibika wazi kabisa kwenye jiwe, na kipimo chako cha baruti kisiguswe.

Ligeuze sasa. Kama kipimo chako kimekosea kwa 0.2 kwenye greni 42, na ungetaka kuilaumu kalibresheni, jiwe la gramu 50 lingepaswa kusomwa kwa kosa la zaidi ya greni tatu na nusu. Ukiliweka jiwe na likasomeka sawa, au likikosea kwa 0.2 tu, kalibresheni haina hatia. Kosa la 0.2 ambalo liko vile vile kwenye uzito mdogo na mkubwa ni kosa la sifuri, na dawa yake ni kubonyeza sifuri baada ya kuondoa chanzo.

Ubaya wa kukimbilia kalibresheni ni kwamba unaifanya wakati mashine inaumwa. Mashine baridi, upepo wa kiyoyozi juu yake, jiwe limeshikwa kwa vidole vyenye mafuta, na wewe unaiambia ikumbuke hali hiyo kuwa ndiyo kweli. Ukishatuliza mazingira, ile kumbukumbu mbaya inabaki.

Badala yake nunua mawe madogo ya kuhakiki yanayokaribiana na vipimo vyako. Gramu 2 ni greni 30.9, gramu 3 ukiziunganisha 2 na 1 ni greni 46.3. Kwa mujibu wa viwango vya OIML, shirika la kimataifa la vipimo, jiwe la gramu 2 la daraja la F1 linaruhusiwa kukosea miligramu 0.12, chini ya greni 0.002. La daraja la M1 linaruhusiwa miligramu 1.2, karibu greni 0.02, na kwa mashine inayoonyesha hatua za 0.1 hilo la M1 linatosha. Lishike kwa kibano, lirudishe kwenye kijisanduku chake. Liweke mwanzoni mwa kazi, katikati, na mwishoni. Mashine ikilisoma sawa mara zote tatu, kiasi ulichoandika kwenye daftari ni cha kweli.

Dalili: namba inarukaruka au haitulii

Kisahani kiko tupu, hujagusa kitu, na skrini inacheza: 0.0, 0.1, -0.1, 0.0. Funga kifuniko cha mashine, au kama hakina, ifunike kwa boksi la karatasi bila kugusa kisahani. Namba ikitulia, ni upepo. Nyumba nyingi za Marekani zina matundu ya hewa ya kati kwenye dari au sakafuni, na hewa inapoanza kuvuma huwezi hata kuihisi shavuni, lakini kisahani kinaihisi. Ziba tundu, au hamisha meza. Feni na pumzi yako mwenyewe ukiinama kusoma skrini vimo kwenye orodha hiyo hiyo.

Isipotulia chini ya boksi, chunguza meza. Wengi wamefunga presi, mashine ya mkono ya kujazia maganda, kwenye meza ile ile iliyobeba mizani, na kila wakivuta mkono wa presi meza inanyonga. Mashine ya kusafishia maganda kwa kutikisa ikiwa inanguruma pembeni, mizani haiwezi kufanya kazi. Sakafu ya mbao hupeleka nyayo za mtu kutoka chumba cha jirani. Sehemu nzuri ni rafu iliyofungwa ukutani, au meza nzito juu ya sakafu ya zege. Na uhakikishe kwa pima-maji kwamba mashine imekaa sawa. Miguu ya kuzungusha chini yake imewekwa kwa kazi hiyo.

Mruko wa umeme una tabia yake. Namba inatulia vizuri kwa dakika kadhaa, kisha inaruka 0.3 au 0.4 kwa mkupuo na kurudi, au inabaki huko. Mara nyingi kuna kitu kimewaka: jokofu, kompresa, taa za tyubu za zamani, simu iliyowekwa sentimita kumi kutoka kwenye mizani. Zima taa za tyubu na utumie ya LED kwa jaribio. Peleka simu upande wa pili wa chumba. Chomeka mashine kwenye soketi ya laini nyingine, isiyo na mota. Zikiendelea kuruka, weka kichujio cha umeme kati ya soketi na adapta. Adapta ya bandia isiyo ya mashine hiyo nayo ni mshukiwa, hata kama volti zilizoandikwa zinafanana.

Umeme tuli ndio mgumu kuukamata. Majira ya baridi, hita zikiwa zimekausha hewa ya ndani, plastiki ya tangi na kifuniko hujaa chaji. Utaona punje zimening'inia kwenye kuta za tangi kana kwamba zimegandishwa kwa gundi. Chaji hiyo inakivuta au kukisukuma kisahani, na mizani inahesabu mvuto huo kuwa uzito. Jaribio lake ni rahisi: sogeza mkono karibu na kisahani bila kukigusa. Namba ikihama kadiri mkono unavyokaribia, umeupata. Futa tangi tupu, kifuniko na kisahani kwa zile karatasi za kulainishia nguo zinazotumika kwenye mashine za kukaushia. Ongeza unyevu wa chumba ufike asilimia 40 hadi 50. Jizoeze kugusa kitu cha chuma kilichounganishwa ardhini kabla ya kushika kisahani.

Dalili: mizani iko sawa, mashine inazidisha

Skrini inaandika 42.2, unairudisha baruti kwenye tangi, unajaribu tena, inakuja 42.0, kisha 42.3. Sasa tuko kwenye bomba.

Angalia mdomo wa bomba mashine ikiwa katika hatua ya mwisho. Ukitumia baruti ya vijiti, hasa ile ya vijiti virefu kama H1000 au IMR 4350, utaona punje zinafika mdomoni zikiwa zimelaliana. Bomba linazunguka na hakuna kinachodondoka. Linazunguka tena, kisha rundo zima la punje sita saba linaanguka kwa pamoja. Punje moja ya Varget, ambayo ni ya vijiti vifupi, ina uzito wa karibu greni 0.02. Hesabu mwenyewe rundo hilo lina uzito gani, na mashine ilikuwa inasubiri punje mbili.

Dawa inayojulikana miongoni mwa wajazaji wa Marekani ni kipande cha mrija wa kunywea, na wengi wanautaja ule mpana wa McDonald's kwa kuwa unaingia ndani ya bomba kwa kubana. Unakata kipande kifupi, sentimita mbili tatu, unakisukuma ndani ya mdomo mpaka kisitoke nje kwa zaidi ya milimita chache. Mdomo unakuwa mwembamba, punje zinajipanga mstari, na zinaanguka moja au mbili kwa wakati. Hakikisha mrija haugusi kisahani, na kwamba umebana vizuri usije ukatoka na kuangukia kwenye kipimo. Siku hizi baadhi ya mashine zinakuja na kipande cha namna hiyo toka kiwandani.

Jambo la pili ni mwendo. Mashine inamwaga haraka mwanzoni, kisha inapunguza, kisha inadondosha. Kama inachelewa kupunguza, baruti iliyokwisha toka kwenye bomba inakuwa hewani wakati mizani bado inasoma, na ikitua kipimo kimepita. Mashine nyingi hukuruhusu kubadilisha sehemu ya kupunguza mwendo au kuchagua aina ya baruti. Ipunguze mapema. Utapoteza sekunde kumi kwa kila ganda, na sioni sababu ya mtu anayetafuta usahihi kuzihurumia sekunde hizo.

Halafu kuna punje ya mwisho. Mashine imelia, skrini imeandika 42.0, na punje mbili zinaning'inia kwenye ukingo wa bomba. Unanyanyua kisahani, mkono unagusa bomba kidogo, zinaanguka ndani. Zoea kutazama mdomo wa bomba kabla ya kunyanyua. Zikiwepo, zipanguse kwa brashi zianguke nje.

Baruti ya punje za duara ina tatizo la kinyume. Inatiririka kama mchanga mkavu, na inaweza kuendelea kuvuja bomba likiwa limesimama. Hapo mrija husaidia pia. Angalia zaidi chini ya jukwaa, kwa kuwa punje hizo ndogo ndizo zinazopenya kwenye nafasi zote.

Dalili: mashine inaishia pungufu au haimalizi

Tangi limekaribia kuisha, au baruti imejijenga daraja juu ya mdomo wa bomba. Gonga tangi, jaza lifike nusu au zaidi. Kama baruti ilikaa kwenye tangi tangu wiki iliyopita, imwage. Inavuta au kupoteza unyevu, na yenye nitrogliserini hushambulia plastiki ya tangi. Lakini sababu kubwa ya kutoacha baruti kwenye tangi ni kwamba utasahau ni ya aina gani. Mizani haijui tofauti ya baruti ya bastola na ya bunduki, inajua uzito tu. Kwenye meza kuwe na kopo moja lililofunguliwa, lile ambalo jina lake unalisoma mbele yako.

Dalili: unaongeza punje na skrini haisogei

Programu ya mizani hutuliza namba ili isicheze, na karibu na sifuri nyingi hujirekebisha zenyewe kila zinapoona badiliko dogo la polepole. Ukiongeza punje mojamoja kwa mkono, programu inaweza kulichukulia ongezeko hilo kuwa ni sifuri inayohama, na kulimeza. Jaribu: kisahani kitupu kwenye sifuri, dondosha punje moja kwa kibano, subiri, dondosha nyingine. Mizani nyingine zitafika punje kumi bila kusema kitu. Ukinyanyua kisahani na kukirudisha ndipo zinasoma ukweli. Kwa hiyo ukimalizia kipimo kwa mkono, usiamini namba mpaka umekinyanyua kisahani na kukirejesha.

Vipimo vidogo vya bastola

Greni 0.1 kwenye 42 ni robo ya asilimia moja. Kwenye kipimo cha greni 4 cha bastola ni asilimia mbili na nusu. Mashine ni ile ile, kosa ni lile lile, ila uzito wake umezidi mara kumi. Mtu anayejaza 9mm kwa wingi akitumia baruti ya vibapa au ya duara inayotiririka vizuri atahudumiwa vyema na kipimo cha ujazo kilichohakikiwa kwa mizani kila baada ya maganda machache. Hatari yenyewe ya bastola iko kwingine. Baruti ya greni 4 inachukua sehemu ndogo ya ganda, na ganda linaweza kupokea vipimo viwili bila kufurika. Kipimo mara mbili kinaweza kupasua bastola. Bila baruti kabisa, praima (kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda) peke yake inasukuma kichwa kikwame ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikipigwa inakutana nacho. Panga maganda kwenye trei, washa tochi, tazama ndani ya kila moja kabla ya kuweka kichwa. Kipimo chochote unachokitilia shaka, mwaga uanze upya.

Dalili: kila kitu kiko sawa lakini kasi imetawanyika

Mawe yanasomeka, kisahani kinarudi -151.8, mizani ya pili inakubali. Bado kronografu inaonyesha tofauti ya futi 40 kwa sekunde kati ya risasi ya polepole na ya haraka. Iache mashine ya baruti. Kwenye risasi ya bunduki ya .308 Winchester, greni 0.1 hubadilisha kasi kwa takriban futi 5 au 6 kwa sekunde. Hata ukichukua upana wote wa 0.2, haujafika futi 15. Zilizobaki zinatoka kwa namna shingo ya ganda inavyokibana kichwa, maganda ya viwanda tofauti yenye ujazo tofauti wa ndani, praima, na maganda yaliyopigwa mara nyingi bila shingo kupashwa moto ilainike. Panga maganda kwa kiwanda na kwa idadi ya mara yalizopigwa, kisha upime tena kasi.

Lini ununue nyingine

Kwa shabaha ya mita 100 hadi 300 na kwa uwindaji, mashine ya 0.1 iliyotunzwa inatosha. Anayepiga mita 900 na zaidi ana sababu ya kutafuta kilicho bora, maana huko tofauti ya kasi inageuka kuwa kupanda na kushuka kwenye shabaha. RCBS MatchMaster ina hali ya mashindano yenye usahihi wa greni 0.04, kwa mwendo wa polepole zaidi. Hatua inayofuata ni mizani ya maabara kama A&D FX-120i ikiunganishwa na AutoTrickler, kifaa cha kudondoshea baruti kilichobuniwa Kanada na Adam MacDonald. Mizani hiyo haitegemei chuma kinachopinda. Sumaku ya umeme inakisukuma kisahani kirudi mahali pake, na kinachopimwa ni umeme uliotumika kukisukuma. Inasoma hatua ya gramu 0.001, na kwa greni huonyesha hatua za 0.02, karibu punje moja ya Varget. Ujue tu kwamba mizani inayoona punje moja itaona pia kila upepo ambao ile ya zamani haikuuona. Aliyeshindwa kutuliza chumba kwa mashine ya 0.1 atahangaika zaidi na hii.

Na ikiwa umesafisha, umesubiri ipate moto, umehamisha meza, umebadilisha adapta, na bado kisahani kinyanyuliwacho mara tano kinatoa namba tano tofauti chini ya boksi lililofunikwa, kihisi kimekufa. Mara nyingi kiliuawa na mkono uliobonyeza jukwaa kwa nguvu wakati wa kusafisha, au safari ndani ya gari jukwaa likiwa halijang'olewa. Kihisi kilichopindishwa kupita kiasi hakirudi kilivyokuwa, na hakuna kalibresheni itakayokinyoosha. Mwandikie mtengenezaji kuhusu dhamana, na mpaka mashine nyingine ifike, pima kwa ile mizani ya mkono.